Jinsi ya Kuomba Kibali cha Kuongeza Vyumba vyenye Paa la Mimea kwenye Nyumba ya Zamani, Tabora

Anayetaka kuongeza vyumba vya kisasa nyuma ya nyumba ya urithi mjini Tabora, na juu yake apande mimea badala ya kuezeka bati, anahitaji kibali cha ujenzi sawasawa na anayeanza msingi mpya. Dhana kwamba kuongeza chumba si kujenga imewaponza wengi, na ile alama nyekundu ya X ukutani haifutiki kwa chokaa.

Nyaraka za mwanzo zinajulikana: hati au barua ya toleo, risiti ya kodi ya pango la ardhi, kitambulisho cha taifa na utambulisho wa serikali ya mtaa. Ikiwa kiwanja bado kina jina la marehemu babu, anza na usimamizi wa mirathi mahakamani, kwa sababu kabla ya hapo hakuna dirisha litakalokusikiliza.

Michoro ndiyo hatua iliyonigharimu. Mchoraji niliyempa kazi alichukua mchoro wake wa siku zote, akafuta mistari ya bati, akapaka kijani juu ya slabu, kisha akapokea malipo kamili. Ulikuwa mchoro mzuri wa kutundika sebuleni. Ulipopitiwa na mhandisi ulirudishwa ukiwa na swali moja tu kwa kalamu nyekundu: paa hili lina uzito gani? Ikabidi nimlipe mhandisi wa miundo, na baada yake nilipie michoro upya, kwa kuwa nguzo, nondo na msingi vyote vilibadilika.

Kwa hiyo mtafute kwanza mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ndipo umwendee msanifu majengo. Bati la kawaida halifiki kilo 10 kwa mita moja ya mraba, ilhali udongo wa shambani wenye kina cha sentimita 10, ukiloa, hukaribia kilo 200 kwa eneo hilo hilo. Vyumba vyenye jumla ya mita za mraba 30 vitabeba karibu tani 6 za udongo uliolowa, juu ya slabu ya sentimita 15 ambayo peke yake ina tani zipatazo 11. Mahesabu yafanywe kwa udongo uliolowa chepechepe, kama unavyokuwa katikati ya masika, na si mkavu kama wa Agosti. Mhandisi akipendekeza kuchanganya udongo na kokoto nyepesi ili kupunguza mzigo, kubali, na mchanganyiko huo uandikwe kwenye mchoro.

Afisa anaweza kukuuliza ni wapi umeona udongo juu ya nyumba. Mkumbushe kwamba Unyamwezi una tembe, yaani nyumba za jadi zenye paa la udongo, tangu zamani, na kwamba lile la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, hutembelewa na wageni hadi leo. Lakini usitumie hoja hiyo kukwepa mahesabu, kwani paa la tembe hushikiliwa na kuta nene na miti iliyopangwa karibu karibu, tena halikukusudiwa kumwagiliwa.

Mchoro wa mkato, yaani ule unaoonesha jengo kana kwamba limepasuliwa wima, uoneshe wazi kwamba jengo jipya linasimama kwenye nguzo na msingi wake lenyewe, bila kuegemea ukuta wa matofali mabichi wa nyumba ya zamani, na kwamba kati yao umeachwa mwanya uliofunikwa ili maji yasipenye. Uoneshe pia matabaka ya paa kuanzia chini: kizuia maji, kizuia mizizi, tabaka la kupitisha maji, kitambaa cha kuchuja, udongo, kisha mimea. Mteremko usipungue sentimita 2 kwa kila mita, kwa maana afisa afya atauliza kuhusu mbu kabla hajakaa. Wa zimamoto ataulizia nyasi zitakazokauka kuanzia Mei hadi Oktoba. Jibu lake ni mimea yenye majani manene kama mshubiri, pamoja na ukanda wa kokoto wa nusu mita pembezoni mwa paa.

Jambo moja husahaulika katika nyumba za zamani. Mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, hivyo uliza kabla fundi hajaing'oa kutafuta njia ya kuingilia vyumba vipya.

Malipo ni kwa kumbukumbu namba pekee; mtu akikuomba ya soda ili faili lisogee, mwombe risiti ya soda. Pakia michoro mtandaoni asubuhi na mapema, na nakala zilizogongwa mihuri ubaki nazo, kwa sababu siku mfumo ukiamka, huenda umeme umelala.

Kibali kikitoka, usipandishe udongo mara slabu inapokauka. Baada ya kuweka kizuia maji, ziba mifereji, jaza maji juu ya paa, yaache siku mbili, kisha mwite mkaguzi achungulie dari kwa ndani. Ukishapanda mimea, kutafuta tundu linalovuja ni kufukua tani 6 kwa koleo.