Kuvaa buti za brogi wakati wa baridi kali
Buti za brogi, yaani zile za ngozi zilizopambwa kwa vitobo vidogovidogo, hupendeza zaidi msimu wa baridi zikivaliwa na suruali ya kitambaa kizito kama sufu, kodrai au jinzi ya bluu iliyokolea, kwa sababu kitambaa chepesi huzidiwa na uzito wa kiatu chenyewe. Upindo wa suruali uguse tu sehemu ya juu ya buti. Ukirundikana juu ya kamba, mapambo mengi hufichika, jambo ambalo kwa kweli husikitisha. Kwa rangi, ningeanza na kahawia, inayopatana na kijivu na bluu pia. Soksi ziwe nene, za sufu, na mishono ya buti ipakwe nta, kwani maji ya theluji hupenya hapo kwa urahisi.