Namna ya Kusoma Matokeo ya Shule ya Sekondari ya Kata

Mzazi anayetaka kujua hali halisi ya shule ya kata yake asianze na asilimia ya ufaulu, bali aanze na idadi ya watahiniwa. Fungua tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, hesabu waliosajiliwa shuleni hapo katika Upimaji wa Kidato cha Pili wa 2022, kisha uwalinganishe na watahiniwa wa Kidato cha Nne wa 2024, kwani kundi kubwa ni lilelile. Tenganisha wasichana na wavulana. Pengo litakaloonekana ni la waliokariri darasa, waliohama au walioacha masomo, na hapo itakubidi uombe daftari la mahudhurio kwa mkuu wa shule, tovuti haitakusaidia.

Ndipo uyaangalie madaraja. Daraja la nne, lenye pointi 26 hadi 33 (pointi zikiwa nyingi, matokeo ni duni), ndilo la chini kabisa linalohesabiwa kuwa ufaulu, hivyo shule inayojisifia asilimia 90 yaweza kuwa imejaa daraja hilo. Zaidi ya hayo, palipo na watahiniwa 40, kila mmoja ni asilimia 2.5, kwa hiyo wachache tu huweza kubadili asilimia ya shule; linganisha miaka mitatu, si mmoja.