Somo: donati za sukari na mdalasini kwa kikaangio cha hewa, jikoni Goma

Mama na dada zangu, wengi mmelalamika kwamba donati za mashine zinatoka kavu. Kikaangio cha hewa, pamoja na jina lake, hakikaangi. Ni oveni ndogo yenye feni. Ukitia humo donge lilelile la mandazi ya kwenye mafuta, lazima likauke. Hapa tunataka donge laini, linalonata kidogo vidoleni.

Kwa donati kumi hivi: unga wa ngano gramu 400, maziwa mililita 200, sukari gramu 50, siagi gramu 60, yai moja, hamira ya chenga gramu 7, chumvi nusu kijiko cha chai.

Kwanza chemsha maziwa, hasa haya mabichi yanayoshuka kutoka Masisi, kisha yaache yawe vuguvugu: uchovye kidole, uhesabu mpaka kumi bila kuungua. Mimi siku moja niliyamwaga yangali moto kwa sababu ya haraka. Hamira ikafa, donge likalala hivyohivyo mpaka jioni, na unga wote ule ukapotea.

Changanya, siagi iingie mwisho, ukande dakika 10. Usiongeze unga kila linaponata. Paka mikono mafuta. Vuta kipande kidogo: kikitanuka kama utando mwembamba bila kuchanika, limeiva kukandwa.

Funika liumuke. Usifuate saa. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, donge huumuka upesi kuliko mapishi ya pwani yanavyosema. Lakini jioni ya mvua na baridi litachelewa. Angalia ukubwa: likiwa maradufu, endelea.

Sukuma unene wa sentimeta moja na nusu. Kata kwa glasi, na tundu la katikati kwa kizibo cha chupa. Weka kila donati kwenye kipande chake cha karatasi ya kuokea, zipumzike nusu saa. Pasha mashine nyuzi 175 kwa dakika tatu, panga nne nne zisigusane, dakika 5 hadi 6 zinatosha. Rangi ya asali hafifu ndiyo tunayotaka. Zikiwa kahawia zimeshakauka.

Sasa sehemu inayoamua kila kitu. Kabla ya kuanza kuoka, uwe umeyeyusha siagi gramu 50 na kuchanganya sukari gramu 100 na vijiko viwili vya chai vya mdalasini. Donati ikitoka tu, ipake siagi pande zote, uiviringishe kwenye sukari papo hapo. Siagi inazama, uso unabaki uking'aa, punje zinashika. Ukingoja zipoe, sukari yote itabaki kwenye sahani.

Mdalasini nunua wa vijiti, utwange mwenyewe na kuuchekecha. Vijiti vyembamba, vyenye tabaka nyingi kama karatasi iliyoviringishwa, ni ule wa Sri Lanka, mpole na mtamu. Vile vinene na vigumu ni kasia, aina nyingine ya mdalasini. Ni mkali zaidi, basi punguza kidogo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Himbi: Naweza kutia sukari ya juu kabla ya kuoka?
Hapana, mama. Feni itaipeperusha, na itakayobaki itaungua.

Dada wa Ndosho: Tuna jenereta ndogo ya wati 1,000. Itabeba?
Haitabeba, dada. Mashine nyingi hizi zinataka wati 1,400 na zaidi. Soma kibandiko kilicho chini yake. Hata umeme wa nyumbani ukiwa hafifu jioni, joto halifiki. Oka mchana.

Yaya wa Kadutu, Bukavu: Sisi wenye mbabula tu, jiko la makaa, tufanyeje?
Yaya, hili nalipenda sana. Chukua sufuria nzito, weka ndani vijiwe vitatu na sahani ya bati juu yake. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Pasha dakika 10, panga donati, na usifunue kabla ya dakika 10 kupita. Siagi na sukari ni vilevile.

Mama wa Katindo: Zikibaki mpaka kesho?
Zifunike kwa kitambaa bila kuzitia sukari. Asubuhi zipashe dakika mbili kwa nyuzi 150, ndipo upake siagi na sukari.