Somo: Kuchagua tela la kambi lenye malazi ya kutosha familia ya watu 8 na zaidi

Tangazo likisema tela “linalaza watu 10”, kwa kawaida hesabu hiyo imeingiza meza ya chakula na kochi. Si uongo, maana vyote viwili hugeuzwa vitanda. Ila familia inayonunua kwa kufuata namba hiyo hujikuta na vitanda vya kudumu vya watu 6 na, baya zaidi, gari lisiloweza kuvuta tela hilo familia ikiwa imekaa ndani ya gari. Somo linahusu soko la Marekani, ambako vipimo huandikwa kwa futi, inchi na pauni. Kilo na sentimita tumeziweka pale zinaposaidia.

Hatua ya 1: Anza na gari, tela baadaye

Majimbo mengi hayaruhusu abiria kukaa ndani ya tela likiwa barabarani, na hata panaporuhusiwa, humo ndani hakuna mikanda. Kila mtu anahitaji kiti chenye mkanda garini. Pikapu ya milango minne inachukua watu 5 au 6, kwa hiyo watu 8 wanabaki na SUV kubwa ya safu tatu au van.

Sasa fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo yake pana kibandiko cha tairi na mzigo, kinachosema uzito wa watu na mizigo kwa jumla usizidi kiasi fulani. Hiyo ndiyo namba ya kufanyia kazi, kwa sababu ni ya gari hilo hilo lililo mbele yako. Ya kwenye brosha ni ya gari lisilo na vikorokoro. Dereva anahesabiwa humo, na uzito ambao shingo ya tela inakandamiza nyuma ya gari nao unahesabiwa. Wengi hapa ndipo wanapoteleza: wanasoma kwamba gari “linavuta pauni 8,000” na kuishia hapo.

Chukua mfano wa SUV ambayo kibandiko chake kinasema pauni 1,600, yaani kilo 725:

- Wazazi wawili: kilo 160
- Watoto sita, wastani wa kilo 35 kila mmoja: kilo 210
- Kifaa cha kuvutia chenye vyuma vya kusawazisha uzito: kilo 45
- Boksi la barafu, zana na mabegi machache: kilo 40

Jumla ni kilo 455, zinabaki 270. Shingo ya tela inatakiwa kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lililopakiwa. Ikipungua chini ya 10, tela huanza kuyumba mkia kwenye mwendo. Tumia 13: gawa 270 kwa 0.13, unapata kama kilo 2,080, au pauni 4,580. Huo ndio ukomo wa tela likiwa na maji, gesi, vyombo na magodoro. Zile pauni 8,000 za brosha huzifikii.

Na watoto wanakua. Watoto hao hao wakifikia wastani wa kilo 50, kilo 90 zinaondoka kwenye hesabu na ukomo wa tela unashuka hadi kama kilo 1,385. Anayenunua kwa mpango wa miaka mitano afanye hesabu na uzito wa miaka mitano ijayo.

Hatua ya 2: Mpe kila mtu kitanda kwa jina

Andika majina kwenye karatasi, kila jina na kitanda chake. Hesabu vitanda vya kudumu tu, vile visivyogeuzwa kutoka kitu kingine. Meza ya chakula iweke akiba. Ikiwa kitanda, kila asubuhi mtoto wa mwisho kuamka anazuia chai ya wote, na kila usiku lazima vyombo viondolewe kabla yeyote hajalala. Kochi la kukunja huwa na mkunjo katikati ya mgongo: mtoto wa miaka 8 halalamiki, mtu mzima ataamka ameumia.

Bibi au babu akiwemo, kitanda chake kiwe cha chini na kiwe na njia ya kushukia pembeni. Matela mengi mafupi huweka kitanda kikubwa kwenye kona, na anayelala ukutani lazima amruke mwenzake ili aende chooni. Kama mnatenganisha wavulana na wasichana, tafuta chumba cha dabodeka chenye mlango upande mmoja, na kundi la pili lilale sebuleni. Pazia peke yake halizuii mwanga wala sauti.

Mtoto wa chini ya miaka 6 asilale dabodeka ya juu. Hilo ndilo onyo linalobandikwa kwenye vitanda vya watoto vya ghorofa Marekani, na ndani ya tela uzio wa juu mara nyingi ni mfupi kuliko wa nyumbani.

Hatua ya 3: Aina ya tela

La kukunja lenye kuta za turubai ndilo jepesi kuliko yote. Lina vitanda viwili vikubwa vinavyovutwa mbele na nyuma, na watu 6 wanalala vizuri. Udhaifu wake ni baridi, kelele na kukausha turubai: likikunjwa likiwa bichi, ukungu huingia ndani ya siku chache.

La mchanganyiko lina kuta ngumu, ila vitanda vya mwisho vinafunguka nje chini ya turubai. Kwa familia ya mfano wetu hili ndilo ningelitafuta kwanza, lenye uzito mtupu usiozidi pauni 3,600 hivi ili ibaki nafasi ya mizigo. Angalizo: baadhi ya kambi zenye dubu hazipokei turubai kabisa. Fishing Bridge, ndani ya Yellowstone, inapokea yenye kuta ngumu tu.

La kuta ngumu lenye dabodeka pana, juu watu wawili na chini wawili, huwa na urefu wa futi 26 hadi 30. Lenye chumba cha dabodeka nne huanzia kama futi 33, na likipakiwa linavuka pauni 9,000 kwa urahisi. Hilo ni la pikapu nzito. Yale yanayofungwa juu ya bodi ya pikapu yana nafasi zaidi, lakini huweka asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake juu ya pikapu, na pikapu haina viti vya watu 8.

Hatua ya 4: Ingia na tepu

Kitanda kinachoitwa cha “queen” ndani ya tela mara nyingi ni inchi 60 kwa 74 au 75, wakati cha nyumbani ni 60 kwa 80. Mtu wa futi 6 na inchi 2 atagusa ukuta kwa kichwa na kwa miguu. Dabodeka ya mtu mmoja huwa na upana wa inchi 28 hadi 30, kama sentimita 71 hadi 76. Pima na nafasi kutoka godoro hadi dari. Ikiwa chini ya inchi 30, hata mtoto mkubwa hawezi kukaa akiwa wima.

Tafuta kibandiko cha uzito kwenye ubao wa dabodeka. Pauni 150, yaani kilo 68, ni kawaida kwa ya mtu mmoja. Kijana wa miaka 16 anaweza kuzidi hapo. Ukizidisha, plaiwudi hupinda na skrubu za kwenye ukuta mwembamba hung'oka.

Mwambie muuzaji afunge slaidi zote (vile vyumba vya pembeni vinavyosukumwa nje kuongeza nafasi), kisha jaribu kufika chooni na kwenye vitanda. Tela ambalo halipitiki slaidi zikiwa ndani litawasumbua kila mnapopumzika njiani.

Hatua ya 5: Pa kutokea na hewa

Lala kwenye kila kitanda na uulize: moto ukianza jikoni, anayelala hapa anatokea wapi? Dirisha la dharura huwa na vishikio vyekundu. Lifungue wewe mwenyewe, kisha mtoto mwenye nguvu ndogo alijaribu. Kwenye tela kuukuu mpira hung'ang'ania na dirisha haliendi. Angalia tarehe nyuma ya king'ora cha moshi, cha gesi ya kupikia na cha kaboni monoksaidi. Hivi viwili vya mwisho vina umri wa miaka 5 hadi 7 hivi, baada ya hapo vinabadilishwa hata kama taa bado inawaka.

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya tela kamwe, hata likiwa limebaki majivu moto. Jiko la gesi nalo lisitumike kupasha joto. Watu 8 kwenye chumba kidogo kilichofungwa hawapati onyo lolote la harufu, kwa sababu kaboni monoksaidi haina harufu.

Hatua ya 6: Maji, choo, umeme

Choo cha tela hutumia kama nusu galoni kila kinapomwagiwa. Watu 8 wakienda mara 4 kwa siku ni galoni 16, hivyo tangi la galoni 32 linajaa siku ya pili. Hita ya galoni 6 inaogesha watoto wawili watatu kwa haraka, kisha mnasubiri. Kuhusu umeme, waya wa ampea 30 unatoa wati 3,600, yaani kiyoyozi kimoja na vitu vidogo. Tela refu la viyoyozi viwili linahitaji ampea 50.

Hatua ya 7: La mtumba

Maji yaliyovuja ndiyo yanayoua tela. Inua godoro la dabodeka ya chini, bonyeza kona za ukuta na sakafu kwa dole gumba, fungua makabati ya juu uangalie madoa ya kahawia. Kwa nje, simama pembeni ukutazame ukuta kwa mshazari: malengelenge ni dalili kwamba gundi imeachia baada ya kulowa. Tela la namna hiyo liache, hata bei ikivutia. Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi la zaidi ya miaka 6 libadilishwe hata kama kashata zake bado nzuri.

Hatua ya 8: Pima

Baada ya kupakia kila kitu, familia nzima ikiwa garini, pita kwenye mizani ya CAT iliyoko vituo vya malori. Madereva wetu wa malori wanaijua. Utapata uzito wa ekseli za mbele, za nyuma na za tela kila moja peke yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Minneapolis): Mwalimu, sisi tuko 9 na tuna magari mawili, pikapu nzito na gari dogo. Hesabu inabadilikaje?

Jibu: Inabadilika sana, ndugu. Tuseme kibandiko cha pikapu kinasema pauni 3,000, kilo 1,360. Weka watu wanne humo, kilo 250, kifaa cha kuvutia 45, mizigo 65. Zinabaki kilo 1,000. Tela la dabodeka nne lililopakiwa pauni 9,500, kilo 4,310, linakandamiza kilo 560 kwa asilimia 13. Linaingia. Wengine watano wafuate kwa gari la pili. Hakikisha pia uzito ulioandikwa kwenye chuma cha kuvutia nyuma ya pikapu haupitwi.

Swali (Columbus): Shikamoo. Sisi tunatumia maji chooni badala ya karatasi peke yake. Tangi litaharibika?

Jibu: Marahaba, mama. Haliharibiki, kinyume chake. Tangi la choo huziba likikosa maji, uchafu ukajikusanya na kukauka chini ya bomba. Ila litajaa mapema, hivyo ongezea lita moja kwa kila mtu kila anapokwenda unapofanya hesabu. Na valvu ya tangi la choo isiachwe wazi hata mkiwa mmeunganishwa na bomba la kambi: maji yatakimbia, uchafu utabaki. Ifungue tangi likifika theluthi mbili.

Swali (Dallas): Tukiwa 8, kambi za hifadhi za taifa zinatupokea kwenye eneo moja?

Jibu: Mara nyingi hapana. Yosemite na Great Smoky Mountains zinaruhusu watu 6 kwa eneo, watoto wakihesabiwa. Mtahitaji maeneo mawili yaliyopakana. Na kama mnalipia mawili, hema la vijana wakubwa kwenye eneo la pili linaweza kuwapunguzia futi 6 za tela. Urefu nao una mipaka: Upper Pines huko Yosemite tela lisizidi futi 24. Kwenye Recreation.gov, tovuti ya kuhifadhi nafasi za kambi hizo, kila eneo limeandikwa idadi ya watu na urefu wake, soma kabla ya kununua tela.

Swali (Phoenix): Asubuhi magodoro yanakuwa na unyevu chini. Paa linavuja?

Jibu: Huenda si paa. Ni mvuke wa pumzi za watu wengi unaogeuka maji kwenye ubao baridi. Usiku fungua dirisha moja sentimita mbili na feni ya dari iwe mwendo wa chini ikitoa hewa nje. Chini ya godoro weka chaga za mbao au mkeka wa plastiki wenye matundu. Unyevu ukiendelea mahali pamoja tu, hasa kwenye kona, na ukaongezeka siku za mvua, hapo panda juu ukakague silanti ya paa, ile gundi inayoziba maungio.