Kabla ya kununua kadi ya grafiki, soma lebo ya pawa saplai

Ndugu zangu wa Mbeya mnaotumia kompyuta za mezani za mtumba, msitume hela ya kadi ya grafiki kabla hamjafungua kasha. Anza bila bisibisi: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, utaona prosesa na RAM. Rudia kwa dxdiag uone kadi iliyopo.

Kisha zima, chomoa waya wa umeme, fungua. Wengi hukimbilia kutazama RAM, pawa saplai, kile kisanduku kinachogawia kompyuta umeme, hawaigusi. Soma lebo yake, mstari wa +12V, zidisha ampea kwa 12. Ampea 16 ni wati 192 tu, na prosesa nayo inakula humo humo! Nafasi ya PCIe, pale kadi inapochomekwa, hutoa hadi wati 75. Kadi inayotaka zaidi huomba waya wa pini 6, wati 75 nyingine, au pini 8, wati 150. Huna waya huo? Tafuta kadi isiyouhitaji: GT 1030 ya wati 30, au GTX 1650 zile zisizo na tundu la pini. Viunganishi vya kubahatisha, vya kugeuza waya mwingine uwe wa pini 6 au 8, mimi sivishauri kabisa, waya hupata moto.

Chukua na rula. Makasha membamba ya ofisini hupokea kadi za kimo kifupi tu. Kadi yangu ilisafiri kwa basi kutoka Dar, ikafika Mwanjelwa ikagoma kuingia, na nauli ya kuirudisha nikalipa mwenyewe.