Namna ya kuiondoa kazini ndege kuukuu ya abiria: mwongozo kwa mafundi na wenye ndege wa Lubumbashi

Mwongozo huu unawahusu mafundi, makarani wa kumbukumbu na wenye ndege wa Lubumbashi ambao siku moja wataambiwa kwamba ndege yao imezeeka na haitabeba abiria tena. Nauandika kwa sababu nimeona kazi hii ikifanywa kinyume. Ndege inasimamishwa pembeni ya uwanja kwa muda, injini moja inaazimwa, kisha viti, kisha redio, na baada ya misimu miwili ya mvua kinachobaki ni ganda lililozungukwa na majani, ambalo hakuna anayekubali kuwa ni lake. Wenzetu wa Goma wanayakumbuka maganda ya aina hiyo yaliyokaa miaka mingi kandokando ya uwanja wao, ambao lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia yake ya kurukia mwezi wa Januari 2002. Watoto waliyageuza maganda hayo kuwa mahali pa kuchezea, huku ndani yake mkiwa na vitu ambavyo mtoto hapaswi kuvigusa.

Mfano unaofaa kutazamwa ni wa mashirika ya ndege za likizo ya Ulaya, yale yanayobeba watalii kwenda visiwani na pwani. Mashirika hayo hujaza ndege zao katika miezi ya joto ya huko, na wakati wa baridi baadhi ya ndege husimama bila kazi. Ndege kuukuu ambayo deni lake limekwisha kulipwa inaweza kusimama miezi kadhaa bila kumfilisi mwenyewe, ilhali ndege mpya ya kukodi inadaiwa kodi kila mwezi, iruke isiruke. Ndiyo sababu Boeing 757, ambayo uundaji wake ulikoma mwaka 2004 baada ya kutengenezwa ndege 1,050, ilidumu sana mikononi mwa wabeba watalii. Condor ya Ujerumani, iliyokuwa ya kwanza kuipokea 757-300 mwaka 1999, iliitumia kwa zaidi ya miaka 20, ingawa za aina hiyo ndefu ziliundwa 55 tu. Mashirika ya namna hii hupanga siku ya kuiaga ndege mapema, aghalabu mwishoni mwa msimu, watalii wa mwisho wakiwa wamerudi na ukaguzi mkubwa ukiwa bado haujadaiwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuchagua siku, na siku haichaguliwi kwa kuhesabu miaka peke yake. Ndege ina hesabu tatu: miaka, saa za kuruka, na mizunguko, yaani kila kupaa na kutua kukihesabiwa mara moja. Hesabu ya tatu ndiyo inayochosha kiwiliwili, kwa kuwa kila safari hewa hujazwa ndani na bati likavutika, kisha hewa hutolewa na bati likarudi. Tarehe 28 Aprili 1988 Boeing 737 ya Aloha Airlines, iliyokuwa na umri wa miaka 19 na mizunguko 89,680 ya safari fupi za kisiwa hadi kisiwa huko Hawaii, ilipasuka sehemu ya juu ya kiwiliwili ikiwa angani, na mhudumu mmoja akapoteza maisha. Andika hesabu zote tatu kwenye ukurasa mmoja, kisha uorodheshe kila kitakachodaiwa katika miezi 24 ijayo: ukaguzi mkubwa, ambao hulaza ndege kwa wiki nyingi na kugharimu mamilioni ya dola, ukarabati wa magurudumu ya kutua, na diski za injini (magurudumu ya chuma yanayoshika mapanga ndani yake) zinazokaribia ukomo wake wa mizunguko. Mahali ambapo gharama hizo zinakutana ndipo tarehe yako ilipo. Sisi hatuna msimu wa watalii, lakini tuna mvua, inayoanza kushika mwezi wa Novemba. Panga ndege isimame mwishoni mwa Aprili ili kazi yote ya kuifungua ifanyike katika miezi mikavu.

Jambo la pili ni karatasi, na hapa naomba msomaji asiharakishe, kwani hapa ndipo thamani yote inapolala. Injini iliyotolewa ndani ya ndege kuukuu inaweza kuwa na bei kuliko ndege nzima, lakini kwa sharti moja: kila diski yenye ukomo wa mizunguko iwe na historia kamili tangu siku ilipotoka kiwandani, ikionyesha ilifungwa kwenye injini ipi, kwenye ndege ipi, na ilizunguka mara ngapi katika kila hatua. Pengo la miezi minne katika historia hiyo linatosha kuifanya diski nzima isikubalike popote. Niliwahi kutumwa na shirika moja, ambalo silitaji, kukusanya kumbukumbu za ndege iliyokuwa inauzwa kwa vipande. Masanduku yalikuwa katika ghala lenye bati lililotoboka, madaftari ya miaka sita yalikuwa yameloa na kugandana, na injini iliyokuwa mbele yetu, nzima na safi, ikauzwa kwa bei ya chuma. Sijaona hasara iliyoniumiza zaidi, kwa sababu mafundi walikuwa wameitunza vizuri ile injini kwa muda wote huo.

Anza kukusanya karatasi miezi sita kabla ya safari ya mwisho, wakati watu wanaojua zilipo bado wako kazini. Tafuta madaftari ya ndege na ya kila injini, taarifa za ukaguzi, hati za kila kipuri kilichowahi kubadilishwa, orodha ya maagizo ya usalama yaliyotekelezwa, na michoro ya kila kiraka kilichopigwa kwenye kiwiliwili. Tumia nambari ya kiwanda kama uzi wa kuunganisha yote, kwa maana herufi za usajili hubadilika kila ndege inapohama nchi. Ile inayoitwa 9Q hapa huenda ilikuwa D kule Ujerumani au G kule Uingereza, lakini nambari ya kiwanda haibadiliki kamwe. Piga nakala za kompyuta za kila ukurasa, na nakala moja ihifadhiwe mbali na uwanja.

Baada ya hapo amua ndege itamalizia wapi. Kama bado inastahili kuruka, kuipeleka mahali pakavu penye wafunguaji wenye vibali ni bora kuliko kuifungua chini ya miti. Ulaya ina uwanja wa Teruel nchini Hispania, wenye hewa kavu na mwinuko wa takriban mita 1,000, na ule wa Tarbes nchini Ufaransa, ambako mradi wa PAMELA ulioongozwa na Airbus kati ya 2005 na 2007 ulionyesha kwamba takriban asilimia 85 ya uzito wa ndege inaweza kutumika tena au kuyeyushwa upya. Ikiwa muda wa ukaguzi umekwisha, omba kibali maalumu cha safari moja bila abiria. Ikiwa haiwezi tena kupaa, itafunguliwa hapa kwenye uwanja wetu wa Luano, na hapo ni lazima kukubaliana kwa maandishi na Régie des Voies Aériennes, shirika la serikali linalosimamia viwanja vya ndege, kuhusu mahali na idadi ya siku, la sivyo ada ya maegesho itaila faida kabla kazi haijaanza. Siku ya safari ya mwisho waiteni watu waliofanya kazi ndani yake na magari ya zimamoto yaimwagie maji kama ilivyo desturi. Ni heshima ndogo, nami naiona inastahili.

Ndege ikishasimama, usimruhusu mtu yeyote kuanza kufungua vipuri kabla haijafanywa kuwa salama. Mafuta yatolewe yote pamoja na yale yanayobaki chini ya matangi, betri ziondolewe, na mafuta ya haidroliki yakusanywe kwa glavu na miwani kwa sababu huchoma ngozi na macho. Mitelezo ya dharura ina mitungi ya gesi iliyobanwa, na vizimamoto vya injini vina baruti ndogo za kuvifyatua. Hatari kuliko vyote ni vizalisha oksijeni vilivyo juu ya viti, ambavyo vikifyatuka huwa moto wa kuweza kuunguza mizigo. Tarehe 11 Mei 1996 DC-9 ya ValuJet ilianguka Florida na watu 110 wakafa, kwa sababu vizalisha oksijeni vilivyotolewa katika ndege nyingine wakati wa matengenezo vilipakiwa kama shehena bila vifuniko vyake vya usalama. Kila kimoja kifungwe kifuniko chake, kihesabiwe, na kifyatuliwe mahali pa wazi na fundi aliyefundishwa.

Kufungua kwenyewe nitakueleza kwa ufupi, kwa kuwa vitabu vya mtengenezaji vinaeleza kila boliti. Angalia tu kwamba injini zilizo chini ya mabawa ziko mbele ya kitovu cha uzito, hivyo zikitolewa ndege inaweza kukaa kwa mkia; weka nguzo chini ya mkia kabla ya kuzishusha. Kila kipuri kipewe kadi siku hiyohiyo, si kesho: kizima, kinachohitaji ukarabati, au cha kutupwa, pamoja na nambari yake na jina la aliyekitoa.

Vile vya kutupwa viharibiwe mbele ya mashahidi. Hapa ndipo nawasihi wenye ndege wasione haya kuwa wakali. Diski iliyofika ukomo inang'aa kama mpya, na mtu mwenye kipolishi na karatasi ya kughushi anaweza kuirudisha sokoni. Tarehe 8 Septemba 1989 ndege ya Partnair iliyokuwa ikitoka Oslo kwenda Hamburg ilianguka baharini na kuua watu wote 55, na wachunguzi wakakuta boliti na pini za bandia mahali mkia uliposhikiliwa. Kata diski kwa msumeno, toboa vibao vya nambari, pinda vyuma hadi visirudi umbo lake. Mnunuzi wa vyuma chakavu anayesema atakukatia mwenyewe akifika kwake asipewe kitu.

Mabaki ya bati ni mali, na watu wa Katanga wanapaswa kuyaelewa kuliko wengine. Aloi ya alumini, yaani alumini iliyochanganywa na metali nyingine, iitwayo 2024, inayotumika sana kwenye ngozi ya kiwiliwili, ina shaba ya takriban asilimia 4. Ile ya 7075, ya sehemu zinazobeba uzito mkubwa, ina zinki zaidi ya asilimia 5, madini yaleyale ya mgodi wetu wa Kipushi. Na ndani ya injini mna aloi zenye kobalti. Zikitenganishwa kabla ya kuyeyushwa zinabaki kuwa malighafi ya thamani, zikichanganywa zinakuwa alumini ya bei ya chini. Lakini zisiende kamwe kwa mafundi wa kuyeyusha sufuria. Rangi ya msingi ya ndege za zamani ina kromati, boliti nyingi zimepakwa kadmi, na vyote viwili ni sumu vikiingia kwenye moshi. Baadhi ya magurudumu na maboksi ya gia ni ya magnesi, ambayo ikishika moto humwagiwa mchanga mkavu, na maji huiongezea ukali. Fundi anayeyeyusha uani kwake hana habari ya hayo, wala mama atakayesongea bukari katika sufuria hiyo.

Kazi ya mwisho ni kuifuta ndege katika daftari la usajili la Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Peleka cheti cha usajili, barua inayotaja nambari ya kiwanda na namna ndege ilivyomalizwa, kisha futa herufi za 9Q kwenye mabaki yoyote yatakayokwenda shule ya ufundi. Hakikisha umetoa kile kisambaza ishara cha dharura kilicho karibu na mkia, ukatenganisha betri yake na kuomba kifutwe kwenye orodha, maana kikigongwa na kreni kitaita waokoaji kupitia setilaiti kana kwamba ndege imeanguka. Na masanduku ya karatasi usiyachome. Vipuri ulivyouza vitaendelea kuruka katika ndege za watu wengine kwa miaka mingi, na siku fundi wa mbali atakapoandika kuuliza pampu fulani ilifungwa lini na nani, mtu wa Lubumbashi awe na uwezo wa kufungua faili na kumjibu.