Somo: Kuwinda bata mzinga Kentucky bila kumpiga mtu wala kupigwa

Msimu wa bata mzinga wa majira ya kuchipua hapa Kentucky hufunguliwa Jumamosi iliyo karibu zaidi na Aprili 15, nao huchukua siku 23. Ndugu zetu kadhaa wa Louisville wameanza kukata leseni, kwa hiyo tusomeshane mapema.

Uwindaji huu una hatari yake ya pekee. Mwindaji huvaa nguo za rangi ya majani, hujificha, kisha huiga mlio wa jike ili dume aje. Wakati huo sheria haimlazimishi kuvaa rangi ya chungwa inayong'aa, kama inavyowalazimisha wawindaji wa kulungu wenye bunduki. Basi alfajiri moja, watu wawili wasioonana wanaweza kuwa wanaitana, kila mmoja akidhani mwenzake ni ndege.

Hatua ya 1: Pata mafunzo. Aliyezaliwa Januari 1, 1975 au baadaye, akiwa na umri wa miaka 12 au zaidi, anatakiwa awe na kadi ya mafunzo ya uwindaji.

Hatua ya 2: Kagua nguo, hata za ndani. Kichwa cha dume kina rangi nyekundu, nyeupe na buluu. Leso nyeupe mfukoni au soksi nyekundu inayochungulia juu ya kiatu yatosha kumponza mtu. Nyeusi iache pia, maana mwili wa ndege huyu kwa mbali huonekana mweusi.

Hatua ya 3: Chagua mti. Uwe mpana kuliko mabega yako na mrefu kuliko kichwa chako ukiwa umekaa. Uegemee, mbele yako pawe wazi. Bata bandia wa kumvutia dume mbebe ndani ya mfuko.

Hatua ya 4: Usiufuate mlio. Hapa ndipo nawasihi. Ukisikia bata mzinga analia kichakani, usimnyemelee. Huenda ni mtu aliyeketi kama wewe. Wewe unayetambaa unatikisa majani, naye amekuwa akisubiri majani yatikisike tangu kabla ya mapambazuko. Aliyesubiri saa nzima macho yake humaliziwa picha na hamu: mlio ameusikia, kitu cheusi amekiona, kilichobaki anakijaza mwenyewe. Ndiyo maana hata wazoefu wamewapiga watu. Kaa, ita, mwache ndege aje.

Hatua ya 5: Kidole nje ya kifyatulio. Kisiingie mpaka umemwona ndege mzima, na yale manyoya marefu membamba kama nywele yanayoning'inia kifuani. Sheria ya msimu huu inaruhusu dume, au ndege mwenye manyoya hayo yanayoonekana, kwa hiyo kumtambua ni wajibu mara mbili. Kisha tazama nyuma yake. Kwa risasi za kawaida tunapiga ndani ya mita 36 hivi, lakini marisau, yaani vile vipande vidogo vinavyotoka ndani ya risasi, yanaweza kuruka zaidi ya mita 200.

Hatua ya 6: Kutoka. Toa risasi kabla ya kuruka uzio au kuingia garini. Ndege uliyemuua mfunike kwa kitambaa cha rangi ya chungwa. Ukimbeba begani mabawa yakining'inia, unajigeuza shabaha.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nikimwona mwindaji mwingine anakuja upande wangu, nimpungie mkono?*
Marahaba. Hapana, mkono usiutikise, wala usipige mluzi au kuita kwa mlio wa ndege. Tulia hapo hapo, useme kwa sauti kubwa, na useme Kiingereza. Dume uliyekuwa ukimngoja atakimbia, mwache aende.

*Kaka, nimeona video ya mtu anatambaa huku amejikinga kwa mkia wa dume uliotandazwa. Ni halali?*
Baadhi ya majimbo yameikataza njia hiyo kwenye ardhi ya umma. Mimi sikushauri popote. Umejifanya shabaha kwa hiari yako.

*Nitakwenda na shemeji. Tukitengana porini?*
Aliyepigwa mara nyingi amepigwa na mwenzake waliyekuja pamoja. Kubalianeni kila mtu na mti wake, na saa ya kukutana. Kabla ya saa hiyo asiondoke mtu. Akilazimika, apige simu kwanza, asubiri ajibiwe, avae kofia ya rangi ya chungwa, ndipo ainuke.